Taveta ilikuwepo kabla ya boda, naomba hili liandikwe

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Kiboriloni, Moshi. Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila safari hii nimeshindwa kunyamaza. Kwenye ukurasa wa biashara mlitoa habari ya soko la Taveta, kule Kenya ng'ambo ya boda, na foleni ya maroli pale Holili upande wetu, habari nzuri tu, bei mlizotaja ndo zenyewe, lakini mwandishi akamalizia kwa kusema Taveta ni mji mdogo uliozaliwa na boda ukakuzwa na lami. Hapo ndo nikasimama. Na wala sio yeye peke yake, hata hapa sokoni kwetu ukimuuliza mtu Taveta ni nini atakwambia ni soko, Jumatano na Jumamosi, basi. Vijana wanavuka kila wiki na magunia ya maharage na vitunguu, wanarudi na mzigo wao, hawajui kwamba njia wanayopita ilikuwa inapitwa na watu kabla hajatokea mtu yeyote wa kuchora mstari pale. Mpaka ndo uliokuja ukaukuta mji. Naomba nafasi nieleze, na naomba msinikatie sana.

Tuanzie mtoni. Mto Lumi unaanzia huku kwetu, kwenye miteremko ya Mawenzi upande wa Rombo, unashuka unaingia Kenya, unapita Taveta, unamwaga maji Ziwa Jipe, na kutoka Jipe maji yanarudi tena Tanzania kwa mto Ruvu mpaka Nyumba ya Mungu na mwishowe Pangani baharini. Zamani kandokando ya Lumi kulikuwa na msitu mnene mno, na humo ndani ndo walikaa Wataveta. Huwezi kuielewa Taveta bila huo msitu. Mtu aliyetoka Mombasa kwa miguu kuja Kilimanjaro ilibidi akate nyika ya Taru, nchi kavu, maji ya kubahatisha, apumzike kidogo kwenye milima ya Taita halafu aingie nyika tena, siku nyingi, na mzigo kichwani, sasa akifika Lumi anakuta kivuli, anakuta maji, ndizi, samaki, asali, kuku, na wenyeji wanaouza chakula kwa utaratibu. Uwandani Wamasai ndo walikuwa wenye nguvu, lakini msituni mkuki mrefu na ngao havina nafasi ya kuzunguka, na Wataveta walikuwa wamefunga njia za kuingilia kwa magogo wakaacha vilango vyembamba vya kupita mtu mmoja mmoja. Ndani wakalima migomba na kuchimba mifereji ya kumwagilia kama mifongo yetu ya Uchagani.

Wenyewe hawakuwa watu wa asili moja, na hili mi nalipenda sana. Koo zao zinataja Upare, zinataja Uchaga, zinataja Taita, na wapo waliotokana na watu wa jamii ya Wamasai waliopoteza mifugo wakaja kuomba hifadhi msituni na wakapokelewa. Hawakuwa na mangi, yaani chifu, mmoja wa kuwatawala, mambo yaliamuliwa na wazee kwa marika. Wakati huo huo huku mlimani mamangi walikuwa wanapigana wao kwa wao, Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho, ng'ombe wanachukuliwa, watu wanachukuliwa. Kwahiyo Taveta ikawa mahali ambapo mfanyabiashara anaweza kukaa wiki au mwezi, akapumzisha wapagazi, akasikiliza habari za huko mbele kama njia ni salama, ndo aamue anakwenda wapi.

Na sitaki kuipamba. Misafara iliyolala Taveta ilibeba pembe za ndovu, na mingine ilibeba watu. Mateka wa vita vya huku mlimani waliuzwa, na walionunua ni watu wa pwani, na walioshikilia bei ni wakubwa wa huku huku. Hiyo nayo ni historia ya njia hii na ikiandikwa iandikwe yote.

Wazungu walipoanza kuja waliifuata njia ile ile waliyoikuta. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, mwaka 1883 alifanya Taveta kituo chake kabla ya kuingia Umasaini. Teleki, yule tajiri kutoka Hungaria, mwaka 1887 aliweka kambi Taveta akajiandaa hapo kabla ya kwenda kaskazini mpaka Ziwa Turkana. Hans Meyer, ambaye kila mtoto wa Moshi anafundishwa jina lake kwasababu alifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, naye alitokea Mombasa akapitia Taveta ndo akapanda Marangu kwa Mangi Marealle. Sasa jiulize, nani aliwaonyesha njia? Kulikuwa na mfanyabiashara wa pembe wa Pangani anaitwa Jumbe Kimemeta, Mswahili, anaijua Umasai na njia zake vizuri, Thomson alimtegemea na Teleki pia alimtegemea. Mmoja wapo kati ya hao Wazungu ana swala anayeitwa kwa jina lake mpaka leo, na Kimemeta hana hata kibao cha mtaa Moshi wala Taveta wala Pangani kwa ninavyoona mimi. Hilo linaniuma kweli.

Sasa nifike kwenye boda yenyewe, maana hapa ndo kwenye kosa kubwa linalorudiwa kila siku. Kuna ile hadithi kwamba mpaka wetu umepinda kwasababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaisari mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Waongoza watalii wanaisimulia, walimu wanaisimulia, nimeisikia kwenye basi, nimeisikia msibani. Sio kweli. Mpaka ulikubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, na huyo mjukuu, Wilhelm wa pili, amekuwa Kaisari mwaka 1888, wakati makubaliano yameshafanyika. Mwaka 1886 Kaisari alikuwa babu yake na aliyekuwa anaendesha serikali ni Bismarck.

Kilichotokea kinajulikana na kina majina. Mwaka 1884 Harry Johnston, Mwingereza, alikuja akakaa kwanza Moshi kwa Mangi Rindi, baadae akashuka Taveta akafanya makubaliano ya ardhi na wenyeji pale. Mwaka uliofuata, 1885, akaja Mwingereza mwingine, Mathews, jemadari wa Sultani wa Zanzibar, kukusanya ahadi za mamangi kwamba wako chini ya Sultani, na mwaka huo huo akafika Jühlke, mtu wa Carl Peters, yule Mjerumani aliyekuwa anakusanya mikataba ya kuchukua nchi, na karatasi zake za Kijerumani, na Rindi huyo huyo akawekeana naye mkataba. Mangi alikuwa anatafuta rafiki mwenye bunduki wa kumsaidia dhidi ya Kibosho, ukiangalia hali yake utamuelewa, lakini karatasi zilienda Ulaya na huko zikasomwa kwa namna nyingine kabisa. Waingereza wakasema sisi tuna Taveta, Wajerumani wakasema sisi tuna Moshi, na mstari ukapitishwa katikati.

Na naomba msomaji asome hapa polepole. Makubaliano ya 1886 yanaeleza mstari wenyewe unapita wapi, kwamba unaanzia pwani kwenye mdomo wa mto Umba, unakwenda mpaka Ziwa Jipe, unazunguka mashariki na kaskazini ya ziwa, unavuka mto Lumi, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Chaga, unafuata chini ya mlima upande wa kaskazini, halafu unanyooka moja kwa moja mpaka Ziwa Victoria. Imeandikwa hivo. Taveta imetajwa kwa jina, Lumi umetajwa kwa jina. Hawa mabwana wamekaa Ulaya, wengi wao hawajawahi kukanyaga huku, na ili wajue pa kupitisha mpaka wao ilibidi waishike Taveta kama alama. Mtu hashiki alama kitu ambacho hakipo. Ndo maana nasema kuandika kwamba Taveta imezaliwa na boda ni kugeuza mambo juu chini, na hadithi ya zawadi ya Malkia nayo inafanya hivo hivo, inaondoa Wataveta, inaondoa Rindi, inaondoa njia na biashara yote, anabaki bibi na mjukuu wake wa Ulaya wanapeana milima yetu.

Mstari ule haukukaa kwenye karatasi tu, ulianza kuhamisha watu mapema. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) walikuwa na kituo Moshi tangu 1885, kwa Rindi. Rindi akafa, akaingia mwanae Meli. Mwaka 1892 Wajerumani wakamshambulia Meli na wakapigwa, kamanda wao von Bülow akauawa, ndo wakaanza kuwatuhumu wale wamisionari wa Kiingereza kwamba wao ndo wanawapa Wachaga silaha. Mwaka huo huo misheni ikafungasha ikavuka mpaka ikahamia Taveta. Kwahiyo kanisa la zamani la Taveta lina mzizi wake Moshi, na ukitaka kujua habari za Moshi ya Meli kabla hajarudiwa na kushindwa mwaka 1893 na kunyongwa tarehe 2 Machi 1900, sehemu ya habari hizo ilikwenda Taveta pamoja na hao watu. Sisi huku tunazungumzia fuvu la Mangi Meli, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, lirudishwe, na ni haki yetu kabisa, ila tuzungumzie pia waliovuka.

Alafu ikaja vita. Vita vya kwanza vya dunia vimeanza Agosti 1914 na kabla mwezi haujaisha Wajerumani wa huku wakiongozwa na Tom von Prince wamevuka na kuichukua Taveta. Mji mdogo wa msituni ukawa kipande cha ardhi ya Waingereza kilichoshikwa na Wajerumani, na wakakaa nacho mpaka Machi 1916. Mashariki ya mji kuna kilima kinaitwa Salaita, ukienda Voi unakiona. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini wakapanda kukichukua, wakakuta askari weusi wa jeshi la Kijerumani wamejichimbia, wakarudishwa nyuma vibaya, na walioweka utulivu wakati wa kurudi ni kikosi cha Wahindi. Mwezi uliofuata ndo vikaja vita vya Latema na Reata, vile vilima viwili pale pale jirani na mji, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi, na siku chache baadae Smuts, jenerali aliyeongoza jeshi la Waingereza, alikuwa ameshaingia Moshi. Makaburi ya askari yapo Taveta na yanatunzwa vizuri. Wapagazi je? Maelfu kwa maelfu ya wanaume wa huku na wa Kenya walibebeshwa risasi na unga kwenye njia zile, waliokufa kwa kuhara na kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi, na wengi hawana kaburi lenye jina.

Reli nayo imetokana na hiyo vita. Wajerumani walishafikisha reli yao ya kutoka Tanga hapa Moshi mwaka 1911. Waingereza wakaanza kuvuta ya kwao kutoka Voi kuja upande huu ili wapitishe jeshi, na walipoishinda Taveta wakaisogeza mpaka Kahe ikaungana na ya Tanga, mwaka 1916. Ndo kusema kitu cha kwanza kikubwa kilichoziunganisha tena nchi hizi mbili baada ya kugawanywa kilijengwa kwa ajili ya kuua watu, lakini vita vikaisha na reli ikabaki, na kahawa ya Kilimanjaro ikawa inaweza kupanda treni kwenda Mombasa. Waliokuwa vijana wakati wa Mwingereza watawaambia habari za treni hiyo, jinsi mtu alivyokuwa anatoka Moshi na ndizi zake anashuka Taveta au anaendelea Voi bila kuulizwa ni wa wapi.

Kipindi cha mkonge nitapita haraka. Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape mpaka Cairo, alipata ardhi kubwa sana Taveta akalima mkonge, akajenga jumba lake juu ya kilima ambalo lipo mpaka leo. Wenyeji wakabanwa, na suala la ardhi Taveta halijapoa hadi hii leo. Hilo waandike wao wenyewe, wanalijua kuliko mimi.

Ninachotaka kukaa nacho ni 1977, kwasababu hicho kipindi watu wake bado wako hai na hakuna anayewauliza.

Tarehe 4 Februari 1977 serikali yetu ilifunga mpaka na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, shirika la ndege la pamoja limeshakufa, mali zinagombaniwa, na mpaka ukafungwa mpaka Novemba 1983 pale marais watatu, Nyerere, Moi na Obote, walipokutana hapo Arusha wakamaliza mgawanyo wa mali za jumuiya. Karibu miaka saba. Kwenye vitabu inaandikwa mstari mmoja, kwamba mpaka ulifungwa na uchumi ukaathirika. Lakini Taveta na Holili na Himo na Rombo yote huwa watu wameoana! Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa Taveta kabla ya hapo. Kutoka kwake mpaka kwa mama yake Rombo ilikuwa safari ya asubuhi, anakuja na watoto, anakaa, anarudi na mkungu. Ghafla ikawa ni nchi ya nje kweli kweli. Babu alipofariki habari ilimfikia shangazi kwa mdomo, akavuka usiku kwa njia za panya akipita upande wa Ziwa Chala, na mtoto mgongoni, akiogopa askari wa doria wa pande zote mbili, na alipofika mazishi yameshapita. Analihadithia mpaka leo na kila akihadithia analia. Na simlaumu askari yeyote, walikuwa kazini, ila nasema haya yalitokea na kuna familia nyingi sana zina hadithi ya namna hii.

Na wakati huo huo ndo njaa ya vitu. Vita vya Kagera 1978 na 1979 vilikula pesa, mafuta yakapanda bei dunia nzima, maduka yetu ya ushirika yakawa na rafu tupu. Sabuni hakuna, sukari hakuna, khanga hakuna, mafuta ya kupikia hakuna, na vyote hivyo viko Taveta, unaziona taa zake usiku ukiwa upande wa huku. Watu wakavuka. Kahawa na mahindi yalikwenda, mafuta ya Kimbo na sabuni na betri zikaja. Serikali iliita magendo na kwa sheria yalikuwa magendo, mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanzisha ile kampeni ya wahujumu uchumi, na huku watu wakaficha vitu mashimoni, wengine wakavitupa mtoni kwa hofu. Mi naona tunaweza kumheshimu Sokoine kwa uadilifu wake, na namheshimu sana, na bado tukasikiliza akina mama waliokuwa wanabeba sabuni kwenye matenga ya ndizi ili watoto waoge. Wengi wa hao akina mama ndo waliofundisha wanawake wa sasa biashara. Soko hili mnaloliona leo, mitumba, nyanya, maharage, bodaboda zinakimbizana na mizigo, mtaji wake wa kwanza wa ujuzi ulipatikana kwenye ile miaka ya kuvuka usiku, nani anaaminika, nani ana ndugu upande ule, bei inabadilikaje. Na ukirudi nyuma zaidi utakuta ni ujuzi ule ule wa Wataveta na misafara.

Mpaka ulipofunguliwa mambo hayakurudi siku moja. Jumuiya mpya imetiwa saini Arusha Novemba 1999. Kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kimeanza kazi 2016, unagonga muhuri sehemu moja badala ya kupanga foleni mara mbili, na barabara ya Taveta kwenda Mwatate na Voi ambayo ilikuwa vumbi tupu imewekwa lami. Tunashukuru, mi mwenyewe naishi kwa barabara hiyo. Lakini Mei 2020 wakati wa korona Kenya ilipofunga mpaka wa abiria, watu wazima huku walishtuka kuliko vijana. Vijana waliona ni usumbufu wa biashara. Wazee waliwaza 1977, na mzee mmoja hapa sokoni aliniambia nenda kachukue madeni yako yote leo hii hii. Hiyo hofu imetoka kwenye historia ambayo hatujaiandika popote, ndo maana nasisitiza.

Ninachoomba ni hiki. Pale Holili kuna mabango ya kila aina, ya ushuru, ya ugonjwa, ya rushwa, ya simu, na hakuna hata moja linalosema hapa ni wapi. Wekeni moja, la Kiswahili, kila upande, lieleze njia ya misafara, lieleze mstari wa 1886 bila ile hadithi ya zawadi, lieleze Salaita, lieleze 1977 mpaka 1983. Gharama yake ni ndogo. Shule zetu zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, watoto wa Moshi na Himo na Rombo wanapelekwa ziara mbali sana wakati Taveta wangekwenda asubuhi na kurudi mchana wakiwa wameona makaburi, kilima na mto, wangehitaji tu hati za kuvukia na mwalimu aliyejiandaa. Na wakubwa wa Rombo wakae na wenzao wa kaunti ya Taita Taveta wauzungumzie Lumi, maana mvua kubwa ikinyesha huku mlimani maji na udongo vinashukia kwao, mji unafurika, na udongo unaendelea mpaka Jipe ambako ziwa linajaa tope na magugu, na wavuvi wa pande zote mbili ndo wanaoumia. Tukikata miti kwenye kingo za mto huku juu, wa Taveta ndo anayelala maji ndani.

Na kwenu ninyi wahariri, fungueni nafasi kidogo gazetini hata iwe mara moja kwa mwezi, mwandishi aende Holili, Himo, Tarakea na Taveta yenyewe akawasikilize waliokuwa watu wazima mwaka 1977, wanawake hasa, kwasababu waliokuwa na miaka ishirini wakati ule saivi wanakaribia sabini na wengine wamepita, wengine kumbukumbu imeanza kuwakimbia. Aandike kwa majina kama wenyewe wataridhia, na kama hawataki aandike bila majina. Aulize treni ilikuwa inasimama wapi. Aulize ni njia zipi walipita na nani aliwapokea. Aulize waliozikwa bila ndugu zao kuwepo. Shangazi yangu yuko Taveta, anasikia vizuri, Kichaga chake na Kitaveta chake vyote viko sawa, na nilipomwambia naandika barua hii akasema huyo mwandishi aje tu ila asije siku ya soko.

Msomaji wenu,
Muuza nguo, Kiboriloni, Moshi